Rangi za Kichwani

Mimi ni mtu wa kujisifu. Nalisema hili mapema kwa sababu nisipolisema mimi mke wangu atalisema, na yeye hulisema vibaya zaidi. Kazi yangu ni kuchanganya rangi katika gereji ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Gari likigongwa, wenzangu wananyoosha bati, wanajaza mabonde kwa puti, wanapiga msasa mpaka pawe laini, halafu kazi inafika kwangu. Mimi ndiye ninayetafuta rangi itakayokaa kwenye mlango mpya bila mtu kujua kwamba mlango huo ulitoka kwenye gari lingine.

Wachanganyaji wengine wanafanya hivi: wanachanganya kidogo, wanapaka kwenye kipande cha bati, wanakiacha kikauke, wanakipeleka kwenye gari, wanalinganisha, wanarudi ndani kuongeza tone la nyeusi, wanatoka tena. Kutwa nzima ni nenda rudi. Nilikuwa nawacheka mpaka mbavu zinauma. Mimi nilikuwa nalikagua gari getini mara moja tu, mikono nyuma kama mgeni rasmi, halafu naingia stoo yenye makopo ya rangi na ya thina, ile dawa kali ya kuzimulia rangi, na kufunga mlango. Nachanganya kwa kichwa. Nikitoka na kopo, mteja anapaka tone kwenye gari lake na tone halionekani tena lilipo. Watu wanapiga makofi. Wakanipa jina la Jicho, nami nikavimba nalo kichwa hadi kofia hazinitoshi.

Sasa, mwaka jana, mvua zilipoisha, rangi zikaanza kuwa mbovu. Sisemi macho yangu yalianza kuwa mabovu. Nasema rangi, maana ndivyo nilivyoona. Nafungua kopo la nyekundu, nachungulia, nyekundu imelala. Njano imechoka. Bluu ndiyo usiseme, ilikuwa kama maji yaliyofuliwa nguo. Nikajua mara moja kilichotokea: watengenezaji wameanza kutuuzia rangi nusu, maji nusu.

Basi nikafanya ambacho angefanya fundi yeyote mwenye akili zake. Nikawa naongeza. Kichwa kinaniambia kijiko kimoja cha nyekundu. Natia kimoja, nakoroga, haijaamka. Natia cha pili. Natia na cha tatu, mpaka ifanane na ile ninayoijua. Hapo naridhika, nafunga kopo, natoka stoo nikitembea kwa maringo.

Wa kwanza kurudi alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mwenye gari la ile rangi tunayoiita damu ya mzee. Nilikuwa nimempakia mlango wa dereva. Akalisimamisha gari katikati ya uwanja wa gereji, akashuka, akaunyooshea mlango kidole.

Shemeji akaja, akautazama mlango, akanitazama mimi.

"Shemeji," akasema taratibu, "hii ni damu ya mzee kweli? Mbona naona ya mtoto aliyejikata sasa hivi?"

Mafundi wakacheka. Na mimi niliiona tofauti, sikuwa kipofu. Lakini ningekubali vipi mbele ya watu?

"Mlango ndio wenye rangi halisi," nikamwambia mwalimu mkuu, kifua mbele. "Gari lako ndilo limepauka kwa jua. Leta gari zima nikupakie, mwalimu, usiniletee lawama."

Nilisema hivyo! Mtu mzima, mwenye wajukuu! Na ubaya ni kwamba nilikuwa naamini.

Baada ya huyo wakaja wengine. Boneti ya kijani iliyorudi kwa sababu kasuku wangeifuata. Bampa ya bluu ambayo mwenye gari alisema akipita usiku hahitaji kuwasha taa. Wote niliwapa jibu lilelile, gari lako limepauka, hadi mji mzima ukawa umepauka isipokuwa milango yangu. Siku moja nikabeba makopo nikaenda nayo duka la rangi, nikamwaga maneno mbele ya wateja: wezi, matapeli, mnatutilia maji. Mwenye duka, mama mmoja mpole tuliyefanya naye biashara miaka na miaka, hakunijibu kwa hasira. Alikwenda nyuma akaleta kopo la zamani, la kabla ya mvua zile, kifuniko chake hakijawahi kufunguliwa. Akalifungua mbele yangu. Nikachungulia.

"Na hili mmelitia maji," nikasema.

Akanitazama sana. "Fundi, siku hizi unalala vizuri?"

"Nimekuja kuuliza rangi, unaniuliza usingizi!" Nikaondoka nikibamiza mlango wa watu.

Swali lenyewe lilinikera kwa sababu mke wangu naye alikuwa ameshaanza kuniuliza hayohayo. Mbona huli. Mbona unaamka kabla ya jogoo unakaa ukingoni mwa kitanda kama abiria aliyeachwa. Mbona binti yako akipiga simu unanipa mimi niongee. Nilikuwa na jibu langu, na nilikuwa nalipenda: huzuni ni ya watu wenye sababu. Sijafiwa, sijaachwa, siumwi, nina kazi. Kwa hiyo sina huzuni. Hesabu nyepesi kabisa, hata haihitaji kalamu.

"Nimechoka tu," nilikuwa namwambia. "Na chai yako siku hizi haina ladha."

Chai yake, jamani.

Siku shemeji alipoleta kifaa cha kupimia rangi ndipo niliposhtuka. Kilikuwa kidogo, cha kushika mkononi. Unakibandika kwenye bati la gari, kinamulika, kinakuandikia utie rangi gani na kiasi gani. Muuzaji wake alivaa shati jeupe na alikuwa anatabasamu hata pasipo na cha kutabasamia. Shemeji akaniita pembeni. Huyu ni mtu aliyenipokea gerejini kwake nilipokuwa sina mbele wala nyuma, hajawahi kunipandishia sauti, na hata siku hiyo hakunipandishia.

"Shemeji, wateja wanahama," akasema. "Wanakwenda gereji ya upande wa pili, na mimi nina watu wa kuwalipa hapa. Nitafanya jambo la haki. Shindana na hiki kifaa. Ukikishinda, kinarudi kilikotoka na mimi siongei tena. Kikikushinda, nakinunua, na wewe utasaidia kwenye puti."

Puti! Nilianzia puti nikiwa sina hata ndevu. Vumbi lake linaingia mpaka kwenye masikio. Nikajikaza kisabuni. "Hata sasa hivi," nikasema.

Shemeji akakata kipande cha bati kutoka kwenye boneti kuukuu ya rangi ya kijani iliyokaribia kijivu, rangi ngumu, ya kutesa watu. Akakiweka mezani, uwanjani, mbele ya kila mtu. Nikakiangalia mara moja, nikageuka kuelekea stoo.

"Hakuna stoo," akasema. "Leo tunataka kukuona. Kaa hapohapo na kipande chako."

Nilijisikia kama nimevuliwa nguo. Mimi, Jicho, nikae na kipande pembeni kama mwanafunzi! Lakini ningefanyaje? Nikakaa. Nachanganya, napaka kidogo, natazama kipande, natazama changu, naongeza tone. Aibu tupu. Nilipomaliza, wakapaka kazi yangu upande mmoja wa bati na ya kifaa upande wa pili, wakasubiri ikauke.

Yangu ilipotea kabisa kwenye lile bati. Ya kifaa ilikuwa imezidi kijani kidogo, na hata muuzaji aliona, tabasamu likamwisha.

Gereji ililipuka kwa shangwe. Walinibeba juu juu. Shemeji alinikumbatia, nikaona macho yake yana maji. Na mimi, niliyeokolewa na kipande cha bati, nilijifunza nini? Sikujifunza kitu. Asubuhi iliyofuata ikaja pikapu ya bluu, nikaitazama getini, mikono nyuma, nikaingia stoo, nikafunga mlango. Nikatoka na bluu iliyofanya mtu mmoja aweke mkono juu ya macho.

Shemeji alikaa chini juu ya tairi. "Sielewi," akasema. "Jana umepatia kile kigumu. Leo umekosea kilicho rahisi. Mtu hawezi kupofuka kwa zamu!"

Hapo ndipo yeye na dada yake, yaani mke wangu, waliponipangia njama. Wakaniambia tunakwenda kupima macho tu, na kweli nilipimwa macho. Daktari wa macho akasema sina tatizo ila nahitaji miwani ya kusomea. Nikainuka, nikanyoosha shati, nikamwambia mke wangu unaona? Lakini daktari yule akaandika kitu, akanielekeza chumba cha mwisho wa ukumbi, na kwenye mlango wa chumba hicho paliandikwa Afya ya Akili.

"Mimi si kichaa," nikasema kwa sauti. Watu wote kwenye benchi wakageuka. Mtu anayetaka kuthibitisha kwamba si kichaa asianze hivyo.

Ndani kulikuwa na daktari binti, umri wa mtoto wangu wa pili. Mke wangu alivuta kiti akakaa jirani na mlango, nikajua nimefungiwa. Daktari akaniuliza habari za chakula, za usingizi, za mambo niliyokuwa nayapenda. Nikamjibu kwa mkato. Kisha akaniuliza rangi zikoje. Hapo mdomo ukafunguka, nikamweleza watengenezaji, maji, duka, mji uliopauka, yote.

Alinisikiliza hadi mwisho bila kucheka, na nilimheshimu kwa hilo.

"Baba," akasema, "rangi hazijatiwa maji. Jicho linapokea mwanga tu, ila anayeona hasa ni ubongo. Na ubongo unafanya kazi kwa kemikali; ndizo zinazopeleka ujumbe huku na huku humo ndani. Kuna zinazokupa hamu ya kula, hamu ya kuongea, hamu ya kuamka. Baadhi ya hizohizo zinasaidia pia kutenganisha mwanga na giza, na rangi kali na rangi hafifu. Zikivurugika, mtu anakosa raha, na wakati mwingine hata namna anavyoona inabadilika. Wagonjwa wakituambia dunia imepauka, watu hudhani wanatia chumvi. Kumbe wengine wanasema wanachokiona."

"Lakini sina sababu ya huzuni."

"Huzuni yako ni ugonjwa, nao haungoji sababu. Kisukari nacho huwa kinakuuliza sababu?"

Nikatafuta pa kumkamata. "Haya. Kama naona kila kitu kimepauka, mbona nilikishinda kifaa?"

Akafikiri kidogo. "Siku hiyo ulikuwa na kitu cha kulinganishia?"

"Nilikuwa na kipande, pembeni."

"Na siku ulizokosea?"

"Nilikuwa stoo. Nilikuwa natumia kichwa."

"Basi ndiyo hiyo," akasema, akasogeza kiti karibu. "Kipande ulikiona kimepauka, na rangi ya kwenye kopo ukaiona imepauka kiasi kilekile. Vyote viwili vimepungua sawa, ndiyo maana ukivilinganisha vinalingana. Ila ukiwa stoo, ulikuwa unalilinganisha kopo la leo na rangi unayoikumbuka, na hiyo ya kwenye kumbukumbu haijapauka. Lazima uzidishe."

Kumbe muda wote ule nilikuwa natia kijiko juu ya kijiko ili kopo lifanane na siku nilipokuwa mzima. Iliniuma, sitaficha, iliniuma hapa kifuani. Halafu mke wangu, kutoka kwenye kiti chake cha ulinzi, akasema, "Daktari, kila siku namwambia huyu baba atoke humo stoo." Nikashukuru kwamba angalau mtu mmoja chumbani alikuwa na raha.

Nilipewa vidonge, na tarehe za kurudi kuzungumza naye. Akanionya kwamba havifanyi kazi kwa siku moja, niwe na subira, nisiviache mwenyewe. Na akanipa sharti jingine: mpaka nitakapokuwa sawa, nisichanganye chochote bila kipande. Shemeji alipolisikia hilo alimwambia muuzaji wa kifaa asubiri. "Tutaona, shemeji," akaniambia. "Ukifuata masharti, nafasi yako ipo. Ukirudia mambo yako ya stoo, utanisamehe."

Ndivyo nilivyoshikishwa adabu. Nilizunguka gereji na vipande vya bati kama wale niliokuwa nawacheka, nenda rudi, nenda rudi, na wenzangu walikuwa na huruma mno, yaani walinicheka hadharani. Mdomo ulikauka kwa vidonge, nikawa nabeba chupa ya maji kila mahali. Rangi zangu zilikuwa zinalingana, hakuna mteja aliyerudi, lakini mimi nilikuwa naona kijivu kilekile. Jioni moja nilitaka kuvitupa vidonge chooni. Mke wangu akasimama mlangoni akaniambia nikivitupa nitavifuata. Nikameza.

Sikumbuki siku ilipogeuka. Ninachokumbuka ni kwamba nilianza kumlalamikia mke wangu kuhusu chumvi, maana yake nilikuwa naisikia ladha yake. Nikampigia binti yetu simu mwenyewe, akaogopa, akauliza nani amekufa. Nikaenda kumwomba radhi yule mama wa duka la rangi, naye akanipa kiti na akanipa maji.

Kisha Jumamosi moja tulitoka mimi na mke wangu kwenda sokoni, yeye na mwavuli wake wa jua, mimi na kikapu. Kwenye duka la vyombo palikuwa na ndoo za plastiki zimepangwa nje. Nyekundu yake ilikuwa nyekundu! Nilisimama nikaitumbulia macho, muuzaji akadhani nataka kununua, akaanza kunitajia bei. Nikageuka kumwita mke wangu aje aone, na hapohapo, barabarani nyuma yake, likapita gari la mwalimu mkuu.

Mama yangu! Mlango ule ulikuwa unapiga kelele. Sijui nisemeje tena. Ulikuwa mwekundu wa kutisha, umebandikwa kwenye gari la heshima, na mwalimu mkuu ameketi nyuma yake kwa utulivu kama hana habari. Sijakaa sawa, ikapita boneti ya kasuku. Kisha bampa. Kwa mara ya kwanza nilikuwa naiona kazi yangu kama walivyoiona wengine, na ilikuwa imetapakaa mji mzima, na kila moja ilikuwa inatangaza jina langu. Nikajificha chini ya mwavuli wa mke wangu.

"Unafanya nini?"

"Nifiche. Naona."

Aliangua kicheko hadi akashika kiuno, nami nikacheka naye, tukawa tunacheka kando ya barabara watu wazima wawili ovyo. Kumbe gari la mikate lilikuwa limesimama mbele yetu likishusha mikate dukani, jeupe, na ubavuni mlango mmoja wa njano kama kiini cha yai ambapo palitakiwa pawe na rangi ya maziwa. Dereva wake alikuwa mwanamke mnene mwenye kitambaa kichwani. Nikajikuta namsogelea.

"Dada, mlango huo ni kazi yangu."

"Najua, fundi. Nani mwingine?"

"Mbona hukurudi? Wenzako wote walirudi kunisema."

Akaweka chini kreti ya mikate. "Nilirudi. Nilikuja na hasira zangu, nimeyapanga maneno tangu nyumbani, ningekusema ukome. Nikakukuta stoo, mlango haujafungwa vizuri, umekaa juu ya ndoo unakoroga kopo. Machozi yanakutiririka mpaka kidevuni, na mkono unakoroga tu. Nikakusalimia. Ukaitikia vizuri kabisa, ukaniuliza unisaidie nini. Nikaona wewe mwenyewe hujui kama unalia. Nikakwambia nilikuwa napita tu, nikaenda zangu."

"Mimi?" nikasema. "Mimi silii, dada. Umenifananisha."

Nikamgeukia mke wangu anitetee. Alikuwa ameacha kucheka.

"Mezani pia," akasema polepole. "Unatafuna mkate, machozi yanaingia kwenye kikombe. Nikikuuliza, unasema ni thina, inakuwasha macho. Kila siku, baba watoto."

"Na hukuniambia?"

"Nilikwambia. Ukasema chai yangu haina ladha."

Yule dada aliibeba kreti yake akaingia dukani, akatuacha pale. Nikaweka mkono juu ya ule mlango wa njano, bati lilikuwa la moto kwa jua. Nilitaka kusema nitaupaka upya, bure, aulete Jumatatu, lakini nikasikia machozi yakishuka shavuni, moja moja, yana joto.

Mke wangu akaniinamishia mwavuli watu wasinione. "Ni thina?" akauliza.

"Hapana," nikamwambia. "Nalia."